Mama Povu na Pumzi ya Kuazimwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka dobi. Dobi wa hospitali, aliyefua mashuka ya wagonjwa tangu usichana wake mpaka akaota mvi. Mtaani tulimwita Mama Povu. Tulimzika jana.

Shida alikuwa nazo, tena za kutosha. Mumewe, fundi seremala, alianguka akiezeka paa la watu, nyonga ikavunjika. Tangu hapo anafanya kazi ameketi. Paa lao wenyewe likaanza kuvuja. Mama Povu akatega ndoo, akasema, "Bwana Mungu ananiletea maji mpaka kitandani, nami ni dobi. Nilalamike nini?"

Msidhani hakuwa na machozi. Binti yake ameniambia, "Mama alilia, dada. Alilia akikunja mashuka. Shuka likishakunjwa, na kilio kimekwisha. Alisema shida ina zamu yake na furaha ina zamu yake, na yeye anaingia zote mbili."

Furaha yake ilikuwa kwaya. Kisha akapata uvimbe kooni. Wakampasua, akapona, sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono tu. Hata hivyo kila Jumapili alisimama mstari wa mbele, akifumbua kinywa na wenzake. Mwalimu wa kwaya akamwita kando.

"Mama, pumzika sasa. Kaa na waumini wengine."

Akamnong'oneza, "Mwalimu, unanionea huruma au unanionea haya?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. Mama Povu akaenda kuketi benchi la kwanza.

Siku hiyo wimbo ulianza vibaya. Wanawake wametangulia, wanaume wako nyuma. Mwalimu akawasimamisha, wakaanza upya, yaleyale. Kumbe miaka yote walikuwa wakimtazama Mama Povu akivuta pumzi, ndipo waingie. Wenyewe hawakujua. Pale pale alipoketi, akainua mabega, akavuta pumzi. Kwaya ikaingia kama mtu mmoja.

Baada ya ibada mwalimu akamfuata. "Rudi, mama. Njoo na hiyo pumzi tu."

"Pumzi si yangu, mwanangu. Nimeazimwa na Bwana. Ila nitakuja nayo."

Akaja nayo, mpaka Jumapili yake ya mwisho.

Jana kwaya ilisimama kando ya jeneza. Mwalimu akainua mkono. Hakuna aliyeanza. Basi yule seremala, ambaye mwenyewe husema anaimba kama msumeno uliokutana na msumari, akashika mkongojo wake, akainuka. Akainua mabega. Akavuta pumzi. Wakaingia wote. Naye akaimba, msumeno na msumari wake, mpaka binti akacheka huku analia.

Kwako baba seremala, na kwako dada yetu, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Na wewe unayetusikiliza, huenda paa lako linavuja leo. Sikukatazi kulia. Kunja shuka lako, ulie. Kisha inua mabega. Bwana bado anakuazima pumzi.