Stesheni Mpya Kwenye Njia ya Ng'ombe

Ndani ya behewa la daraja la tatu, kabla ya kufika Same, Naftali, karani wa mpima ardhi, alikuwa akimsifia mfugaji Ledama mji utakaojengwa kuzunguka stesheni mpya. “Duka, zahanati, nyumba, vyote utavifikia kwa miguu, mzee wangu.”

“Na ng'ombe wangu watapita wapi kwenda bwawani?” Ledama aliuliza, maana njia yao, kwenye ramani ya Naftali, ilikuwa soko.

“Watazunguka.”

“Mdachi alileta reli, tukazunguka. Mwingereza analeta mji, tuzunguke tena? Mwanangu, umewahi kumzungusha ng'ombe mwenye kiu?”

Naftali alicheka kisomi. Kabla hajajibu, garimoshi lilipiga firimbi, likasimama katikati ya mbuga. Mbele yake, ng'ombe walikuwa wakivuka kwenda kunywa.