Kura ya Mwisho ya Lloyd Haverkamp

Padri, wafiwa, na ninyi mliokuja kusikia ya kusikia, mimi ni Loretta, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa kuwa watoto wake wanalia na mimi machozi yalishanikauka.

Marehemu Lloyd Haverkamp alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa hapa Marlow Ferry, Indiana, akasoma shule ya parokia, akamaliza sekondari mwaka 1956 akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa usafi, na mwaka 1961 akaajiriwa na gazeti la mji kuandika habari za besiboli, kazi aliyoifanya miaka arobaini na mbili, na baada ya miaka kumi akapata, kama waandishi wenzake nchi nzima, haki ya kupiga kura kila Desemba kuchagua wachezaji wastaafu wanaostahili kuingia Jumba la Mashujaa, majina yasiyozidi kumi, na anayepata robo tatu ya kura ndiye anayeingia.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Doris Weil, aliyekuwa amechumbiwa na mtu mwingine, tuyaache hayo, wakajaliwa Karen na Dale, na Doris akatangulia mwaka 1998.

Sasa nimefika pale ambapo Lloyd mwenyewe aliniagiza nisiparuke. Rufus Tillery, mrushaji mpira wetu wa mkono wa kushoto, jirani yake Lloyd, alisubiri miaka kumi na tano kuingia Jumba hilo, na Januari 2001 ilikuwa nafasi yake ya mwisho mbele ya waandishi, na kwa kuwa anayeingia hupigiwa simu, akavaa tai akakaa kando ya simu tangu asubuhi, mkewe Odessa ameoka keki, Lloyd yuko kiti cha pili, na simu haikulia. Alikosa kwa kura moja.

Mnakumbuka kelele za mezani mkahawani kwa Schnell. "Nipeni huyo mwandishi aliyemnyima Rufus nimnyoe bila sabuni!" alisema Vernon kinyozi. "Na nani huyo aliyempigia Gus Mertz? Kura moja nchi nzima! Gus, mdakaji wa kuangusha mpira kama sabuni ya bafuni!"

"Labda mama yake," Schnell akasema.

"Mama yake ana akili, bwana."

"Basi ni kichaa," Lloyd akasema, na akacheka kuliko wote.

Kichaa huyo alikuwa yeye. Gus alikuwa rafiki yake wa safarini, aliyempa habari wengine wasizozipata, na Lloyd akaona haya rafiki aondoke bila hata kura moja, nafasi zake kumi zikawa zimejaa, akamfuta Rufus, akijisemea kuwa Rufus hana shida, wengine watambeba.

Rufus alifariki Novemba 2003, na Lloyd hakuwa tena na Januari ya kurekebisha kosa lake. Aliiandikia kamati ya wazee, ile inayowafikiria upya walioachwa na waandishi, barua kumi na tisa za kumtetea, hakuna iliyojibiwa. Mwaka 2005 aling'oa simu ukutani, lakini kila siku ya matokeo, saa nane mchana, alikuwa akinyanyua kichwa kutoka kwenye sahani, "Loretta, pokea, inalia," na mimi ninayesikia mpaka ya nyumba ya tatu sikusikia kitu. Miaka hii ya mwisho nikaanza kuisikia na mimi.

Mei 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akalala kitandani, na Odessa, asiyejua lolote, akawa anamletea supu ya kuku kila Alhamisi, Lloyd akiitazama mpaka ipoe. Tarehe 11 Januari 2024 aliniambia, "Pokea," nikaweka kiganja sikioni, akauliza, "Wanasemaje?" nikamjibu, "Ameingia, Lloyd." Akafumba macho, hakuyafumbua tena. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, waandishi wenzake, na meza yote ya Schnell. Odessa, wewe wa benchi la pili, mdogo wangu aliogopa kukwambia akiwa hai, akaniachia mimi kwa kuwa alijua mdomo huu haufungiki. Jeneza liko wazi mpaka saa tisa. Mwambie unalotaka, tutatoka nje tukupishe.

Pumzika kwa amani, Lloyd, Rufus akikuruhusu.