Chumba cha Mvuke Si cha Chawa

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Gaspar, acha kushika kofia kama mtu anayeaga, kaa. Inés, egemea ukuta, mgongo wako umebeba watu wawili.

Ninalotaka kuwaachia ni chumba cha mvuke pale uani, alichojenga baba yenu kwa mawe na udongo. Humo niliwazaa, humo nikakandwa na kufukizwa majani, nikatoka mtu. Leo mifupa inaniuma, nasikia kuni zikilia humo, na moto huo si wangu: wanauawa chawa wekundu wa mpungate, ule mmea wa miiba, wanaotolewa rangi ya vitambaa. Harufu yao imeingia kwenye blanketi, kwenye mikate, kooni mwangu.

Mhispania yule anayetuletea nyumbu na vitambaa bila kuombwa, kisha anarudi kudai malipo ya magunia ya chawa hao waliokaushwa, anawaita mbegu. Mnakumbuka alivyoniambia: “Mama Petronila, nimezipanda bustanini, nazimwagilia kila siku, mbona hazioti?” Nikamjibu, “Labda zinasubiri kubatizwa, bwana.” Gaspar akacheka hadi akapaliwa na uji.

Sasa najiuliza tulimcheka nani: yeye asiyejua anachonunua, au sisi tulioacha kulima mahindi, tukawa tunayanunua kwake? Simchukii. Naye ana bwana wake bandarini Veracruz, na bwana huyo ana bwana ng'ambo ya bahari. Lakini vidudu tunavyovipangusa kutoka kwenye mpungate kwa mkia wa kulungu, taratibu kama mtu anayemfuta mtoto uso, vinavuka maji na kuturudia vikiwa vitambaa vyekundu, tulazimishwe kuvinunua. Tazameni kucha zangu. Hazijawahi kutakata.

Gaspar, usiseme, “Mama, Mhispania atakasirika.” Akasirike. Chawa wafie juani, kama enzi za bibi yangu. Rangi ikipungua, shauri ya wanaoivaa. Kisugueni chumba kwa maji na majivu, na moto wa kwanza uwe wa Inés. Mjukuu wangu asizaliwe kwenye uvundo huu.

Nipe maji… basi, yametosha.

Mimi nikifa, msinivike kitambaa kile chekundu. Pamba yetu nyeupe. Mungu wa kanisani na yule wa mvua wawatunze nyote, wala wasigombane juu yenu. Mlale mkiwa mmeshiba… mahindi yenu wenyewe.

Gaspar, mbona bado umekaa? Nenda kawatoe chawa. Nataka nisinzie… nikisikia ufagio.