Bibi Usiniambie Ahamia Ngazi ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku sita za kazi, mkutubi wa sehemu ya vijana katika maktaba yetu anastaafu Jumamosi, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni. Ofisi ya utumishi ilimwandikia kwamba mtumishi hastaafu Jumamosi, hustaafu Ijumaa. Akajibu kwa mistari miwili: kwamba Jumamosi ni siku yake ya kazi, na kwamba hajawahi kutoka kazini kabla kazi haijaisha. Utumishi wakaandika tena. Akajibu tena, mistari ileile miwili, safari hii kwa herufi kubwa. Anastaafu Jumamosi.

Jina lake limo kwenye barua hizo, lakini ukiliita kwenye ngazi za mbele za maktaba hakuna atakayegeuka. Huko anajulikana kwa jina la Usiniambie. Alianza kuwa Dada Usiniambie, akapanda akawa Mama Usiniambie, na tangu miaka mitano iliyopita, bila barua wala usaili, ni Bibi Usiniambie. Ofisi imempandisha cheo mara mbili katika utumishi wake wote. Vijana nao wamempandisha mara mbili, ila wao hawakuchelewa.

Jina lilizaliwa kaunta. Kijana anarudisha riwaya, macho mekundu kwa kutolala, mdomo umejaa habari. Anaanza: "Mama, yule kaka mtu, kumbe siku zote..." Papo hapo mkono wa mkutubi unapanda juu kama wa askari wa barabarani. "Usiniambie!" Sasa, sisi wengine tukisema usiniambie, maana yake ni hebu endelea, sogea karibu, utamu ndio unaanza. Yeye akisema usiniambie, maana yake ni usimwambie. Wageni wengi wamejikwaa hapo. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alidhani ametiwa moyo, akaendelea kusimulia hadi mwisho wa kitabu, na akashangaa kuona chai yake haiji.

Ukweli ni kwamba anazisoma riwaya hizo kwa sababu anazipenda. Hajifanyi kwamba ni kazi. Aliajiriwa akiwa mpanga rafu, miaka ambayo vitabu vya vijana vilikuwa vimebanwa katikati ya kamusi na vitabu vya kilimo, ishirini na vitatu tu, saba kati yake havina majalada. Alivishona mwenyewe wakati wa mapumziko ya mchana, kwa uzi wa viatu na gundi aliyoiomba kwa fundi wa jirani, akavisoma vyote, akavirudia. Baada ya miaka minane ya kuandika maombi alipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Leo chumba hicho kina vitabu elfu nne na mia moja, na viti vibovu viwili alivyokataa visitupwe kwa sababu vijana wanavigombania.

Mwenzetu wa sehemu ya marejeo alimuuliza siku moja ni lini atakua aanze kusoma vitabu vya watu wazima. Akamjibu kwamba amevisoma, na kwamba humo mtu huchukua kurasa mia tatu kuamua kama aondoke nyumbani au abaki. Kwenye vitabu vyake, ukurasa wa kumi mtu keshatoroka kupitia dirishani. Mumewe, dereva wa lori mstaafu na mtu wa utani mwingi, husema kwamba amekula chakula baridi miaka thelathini kwa sababu ya mabinti walioning'inia kwenye majabali. Lakini sisi tumewahi kumkuta yeye mwenyewe amekaa kwenye kituo cha basi na kitabu cha mkewe, basi lake limeondoka zamani.

Halafu kuna Jumamosi zake. Hakuna aliyeupenda mji huu mwishoni mwa wiki kama yeye, hasa zile wiki za mwanzo wa kiangazi, jua likiwa limeshapata joto lakini bado halijapata hasira. Ofisi zimefungwa. Maegesho ya magari ni matupu, watoto wanayaendeshea baiskeli. Mashuka yanapepea kwenye roshani za ng'ambo ya barabara, redio ya mtu fulani inasikika hadi kwetu, na kengele ya muuza aiskrimu inapita saa tano kasoro kila mara. Katika hali hiyo, alisema, kumfungia kijana ndani ya ukumbi wenye feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatafakari, ni ukatili.

Basi akakibeba kimeza chake, muhuri wa tarehe na kidau cha wino, akavipeleka nje kwenye baraza. Kitabu kinagongwa muhuri pale pale, msomaji anakaa kwenye ngazi. Ngazi zetu ni kumi na moja, pana, za mawe. Saa tatu asubuhi zote zina kivuli. Jua likipanda, kivuli kinarudi nyuma na wasomaji wanapanda nacho, ngazi kwa ngazi, bila kuinua macho kwenye kitabu. Kufika saa saba wote wako kwenye ngazi tatu za juu, wamebanana bega kwa bega, na ngazi ya tatu kutoka juu ndiyo inayotafutwa kuliko zote kwa kuwa ina kivuli na upepo pia. Yeye hakuwahi kuikalia. Alikuwa kazini, na kimeza chake kilikuwa kwenye pembe ya baraza inayopigwa na jua.

Kwa kuwa hakutaka kuambiwa miisho, lakini pia hakutaka kumnyima mtu raha ya kuisema, alibuni vikaratasi. Ukimaliza kitabu na unahisi utapasuka, unachukua kikaratasi, kwa nje unaandika jina la kitabu, tarehe na saa, kwa ndani unamwaga yote. Unakikunja, unakitia kwenye kopo la biskuti. Yeye hukifungua siku akimaliza kitabu hicho, na hapo hucheka peke yake kaunta kama mtu aliyepigiwa simu na shoga yake. Utaratibu huu haumo katika mwongozo wowote wa ukutubi. Ndio uliookoa Jumamosi.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwanzo wa kiangazi kama hivi sasa, ililetwa barua kwamba maktaba itaacha kufunguliwa Jumamosi. Sababu ilikuwa moja: hakuna wasomaji. Fomu za mlangoni za miezi mitatu zilionyesha wastani wa watu wanne kila Jumamosi, na kwa mujibu wa maelezo ya pembeni, mmoja wao alikuwa akilala. Wanne! Na huku nje wasomaji wamejaa hadi muuza aiskrimu anauliza kama kuna msiba. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: "Walioketi ukumbini." Karani wa zamu alihesabu walioketi ukumbini, akaandika namba, akaenda zake.

Wengi wetu tulikubali yaishe. Kuna waliofurahi kimoyomoyo kupata siku mbili za mapumziko. Yeye hakulia, hakugomba. Aliomba nafasi mbele ya kamati, akanyimwa, akaomba tena, akaambiwa asubiri, akaenda kusubiri kwenye benchi la nje ya mlango wa kamati siku tatu mfululizo na riwaya mkononi. Siku ya nne wakamwingiza, nadhani kwa sababu walichoka kuzisikia kurasa zikifunuliwa.

Aliingia na makopo ya biskuti. Akaeleza kwamba kila kikaratasi ni msomaji aliyemaliza kitabu, na nje kina tarehe na saa, wahesabu wenyewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanasheria, mtu makini wa sauti nzito, na akasema kwamba hawezi kupokea ushahidi uliokunjwa. Lazima ufunguliwe, usomwe kwa sauti, na mkutubi awepo kuthibitisha mwandiko.

Wasiomjua hawataelewa uzito wa hapo. Makopo ya miezi ile hakuwa ameyagusa. Vitabu vilikuwa vipya, shehena bora kuliko zote alizowahi kupata, na alikuwa amejiwekea kumi na tisa avisome kiangazi kile, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye roshani yake. Alikuwa amevipanga kwa mfuatano. Alituonyesha orodha. Sasa miisho yote kumi na tisa ilikuwa mezani, na mwanasheria amevaa miwani.

Vilisomwa vikaratasi mia tatu na kumi na saba, kwa saa mbili na nusu. "Kumbe mwalimu ndiye mama yake!!!" alisoma mwanasheria kwa sauti ileile ya mahakamani. "Amekufa. Siamini. Mama, ukifika hapa usilie." Akasafisha koo, akaendelea. Mkutubi aliketi wima, mikono mapajani, akathibitisha mwandiko mmoja baada ya mwingine. Kwa saa mbili na nusu hakuinua mkono hata mara moja. Aliyekuwapo kuandika kumbukumbu za kikao anasema kwamba mwanasheria alipofika kwenye kikaratasi cha kitabu cha kwanza katika ile orodha, mkutubi alifumba macho, basi.

Kamati iliamua Jumamosi zibaki, na fomu ikaongezwa mstari wa pili: "Walioketi nje." Mstari huo upo hadi leo, tunaujaza kila wiki, na Jumamosi iliyopita ulisoma sitini na wawili. Mwanasheria naye alichukua kadi ya uanachama wiki ileile. Alitaka kujua yule mwalimu alimtupaje mwanawe. Ni msomaji wetu hadi leo, na hukaa ngazi ya tano na suti yake.

Kuna mengine mengi ya kumsifia: mabinti na wavulana waliopitia kwenye ngazi zile na leo ni wauguzi, mafundi umeme, walimu, na wanarudi na watoto wao kuwaonyesha walipokuwa wakikaa, siku paa lilipovuja akalala na vitabu ndani ya boma la mabeseni, barua mia mbili na arobaini za kuomba vitabu vipya, zote kwa mwandiko wake, na majibu thelathini. Hajui kukata tamaa. Ukimwambia jambo haliwezekani hukuuliza umejaribu mara ngapi, na husubiri jibu.

Lakini nafasi yangu katika jarida hili la maktaba yetu ni ndogo, na nina jambo la kumalizia.

Zamu za mlangoni Jumamosi, miaka ile, zilikuwa za watu watatu kwa kupokezana miezi mitatu mitatu, bila daftari, na fomu haikuwa na nafasi ya jina. Baada ya kikao, mkuu wa maktaba aliuliza ni karani gani aliyeandika wanne, wanne, wanne. Mkutubi ndiye aliyejibu. Alisema kosa ni la fomu, fomu haina mikono, na tuendelee na kazi. Suala likafa hapo. Makarani wawili wasio na hatia walisingiziwa kichinichini kwa muda, mmoja baadaye akahama, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kitu.

Mara mbili mhusika alimfuata mkutubi kumweleza. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ileile, kaunta, mara ya pili ni mwaka jana, stoo, wakiwa wanabandika namba kwenye vitabu vipya. Mara zote mbili hakufika mbali. Aliposema tu, "Dada, zile fomu," mkono ulipanda juu. "Usiniambie."

Mhusika huyo ni mimi. Ni mimi niliyewahesabu. Kila Jumamosi ya zamu yangu nilifika kazini nikakuta wasomaji wamejaa kwenye ngazi, nikawaruka kwa miguu, nikaingia ndani, nikawaruka na kwa kalamu. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kwenda nyumbani mapema na fomu ilikuwa fupi. Kwa uvivu huo wako wenzangu walionyooshewa vidole, na wewe ulikaa saa mbili na nusu ukipokonywa kiangazi chako kitabu kwa kitabu, nami nilikuwa nje ya mlango nasikia. Nimeona haya miaka kumi na moja.

Dada, najua utaisoma hii Jumamosi asubuhi, kwenye baraza, kabla ya kugonga muhuri wa kwanza. Mkono wako hauwezi kuizuia karatasi iliyokwisha kuchapwa. Na hata ukisema usiniambie, leo nimeamua kulielewa neno hilo kama wanavyolielewa watu wengine wote. Kwa nje nimeandika: Fomu za Mlangoni, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ya ndani umeshayasoma. Nitie kwenye kopo.

Zawadi yetu utaikuta kwenye kimeza: riwaya mpya kumi na tisa, bado zimo kwenye karatasi za kiwandani. Tumekula kiapo, kuanzia mkuu wa maktaba hadi mlinzi, kwamba hakuna aliyezifungua. Mwanasheria alitaka, tukamzuia mlangoni.

Kuanzia Jumamosi inayofuata kimeza kitabebwa na mwingine, na kitakaa kivulini, tumekubaliana. Wewe umeshachukua kadi ya uanachama na umetangaza kwamba unahamia ngazi ya tatu. Vijana wamekuachia nafasi upande wa upepo, na kwa vijana wale hiyo si heshima ndogo. Asante kwa miaka thelathini na minne. Tunakutakia afya, kivuli cha kutosha, na vitabu ambavyo mwisho wake utaufikia mwenyewe.

Nami nitakuwa mlangoni, zamu yangu. Nitaanza kuhesabu kwako.