Chumvi ya Futari

Fundi wa kuchomelea alimfokea dereva wa basi kwa kusimama kila kituo, kisha akamgeukia mama aliyeketi kando yake. “Nimefunga, mama, usinione mkali.”

“Ungeufunga na huo ulimi, mwanangu.”

Mimi niliyeketi nyuma yao nikajifanya natazama nje.

“Magharibi ikiingia nitatulia.”

“Marehemu mume wangu, funga yake ilianza hapo. Nilikuwa napika futari bila kuonja, yeye anakula, anashukuru. Alipofariki ndipo watoto wakaniambia kumbe chumvi ilikuwa inazidi, baba yao anawakonyeza wanyamaze.”

“Si alikuwa anakudanganya huyo?”

“Hakuwahi kusema ni tamu. Alikuwa anasema, ‘Niongezee.’ Natamani nilisikie neno hilo tena, hata mara moja.”

Basi likasimama tena. Safari hii fundi hakumfokea mtu.