Mzee Kijivu na Rangi Iliyodumu Kuliko Chuma

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi rangi mmoja, aliyefariki Alhamisi asubuhi, saa nne, akiwa kazini kwake. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kijivu. Kwa miaka kumi na tisa alikataa katakata kupaka vizimba vya magari rangi yoyote isipokuwa kijivu kilichopauka.

Kwa asiyejua, kizimba ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa ndani ya gari la mashindano ya porini. Yanamzunguka dereva pande zote, ili gari likipinduka paa lisimponde kichwa. Kazi ya mzee wetu ilikuwa kuyapaka mabomba hayo rangi ya kudumu.

Sasa msidhani alizaliwa na kijivu chake. Zamani alikuwa mtu wa madoido kweli kweli. Alikuwa wa kwanza mtaani kwao kununua tanuri la kuokea rangi ya unga. Rangi hiyo hupulizwa kama vumbi, chuma kinaingizwa tanurini, unga unayeyuka, kisha unaganda na kuwa ngozi ngumu. Mzee alikuwa akiikwaruza kwa funguo mbele ya wateja, huku akicheka. Haikwaruziki.

Siku moja akaja dereva mrefu, mwembamba, mwingi wa utani. Alikuwa na kizimba kipya na hajui akipake nini. Wakakaa juu ya matairi, wakachambua. Rangi ya kawaida juu ya praima, ile rangi ya msingi? Inachubuka kila wiki, utakuwa mtumwa wa brashi. Kukichovya kwenye kromu, ule utando unaong'aa kama kioo? Inapendeza macho, lakini inaweza kukifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika. Mwishowe mzee akakata shauri. "Unga. Mweusi. Mara tatu. Hii, kijana wangu, itatuzika sote." Wakacheka, wakagongana viganja.

Baada ya miaka miwili dereva akarudi, na safari hii hakuwa na utani. Akasema kila akipita kwenye mawe anasikia mlio juu ya sikio lake la kushoto. "Ti. Ti. Kama mtu anagonga kwa ukucha, mzee." Mzee akapitisha kiganja kwenye kiungo cha kushoto, pale bomba la juu linapokutana na nguzo. Laini kama sahani. Hakuna mchubuko, hakuna kutu. Akasema, "Hakina neno."

Siku nne baadaye gari lilitumbukia korongoni. Kiungo cha kushoto kikaachia. Dereva hakutoka hai.

Mzee aliitwa kutazama. Alifuatana na binti yake, ambaye leo ndiye mwenye karakana. Binti anasimulia: "Baba alichungulia pale palipoachana. Ndani ya ufa palikuwa na kutu ya siku nyingi. Chuma kilipasuka zamani, rangi ikajivuta juu yake, ikauficha ufa. Baba alikaa chini palepale kwenye majani. Akasema, 'Rangi yangu ni nzima.'"

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Rangi ilidumu. Chuma hakikudumu. Na siri hiyo, pamoja na ile ya mlio alioambiwa, waliijua wawili tu, baba na binti.

Mzee akaliuza tanuri. Akaanza kijivu, rangi ya kawaida, nyepesi, isiyojua kuficha kitu. Chuma kikipasuka chini yake, kutu inatoka nje na kuchora mstari wa kahawia. Wateja walimcheka weee. Walisema anayapaka magari yao rangi ya ndoo. Akaendelea kupaka.

Lakini hakupata raha. Akaanza kuusikia ule mlio yeye mwenyewe. Kwa kinyozi, ti. Mezani na familia yake, ti, ti. Sikuzote sikio la kushoto. Wakampeleka kwa daktari, sikio likakutwa halina tatizo. "Nikajua baba anaanza kuchanganyikiwa," anasema binti. "Mpaka siku nilipousikia na mimi."

Siku hiyo, miaka saba baada ya ajali, alikuja mdogo wake yule dereva. Naye amekuwa dereva. Amenunua gari lililotumika, kizimba kimepakwa unga wa buluu unaometameta. Alitaka tu kuchorewa namba mlangoni, Jumamosi ana mashindano. Gari limeegeshwa uani, limezimwa, hakuna anayeligusa. Ti. Ti. Binti akadondosha brashi. Alipomgeukia baba yake, akakuta baba ameshamtazama yeye.

Mzee akaomba aibandue ile buluu. Kijana akacheka. "Mzee, unataka kuniharibia gari kwa sababu ya rangi yako ya ndoo?" Akaingia, akawasha. Mzee akasimama mbele ya boneti. Akisema, amejimaliza. Asiposema, atazika wa pili.

"Kaka yako alikuja hapa siku nne kabla ya kufa," akasema. "Aliniambia anasikia mlio. Mimi nikamwambia hakina neno."

Kijana huyo, sasa mtu mzima, amezungumza nasi kwa simu. "Nilizima gari ili nishuke nimpige. Sikufichi, ngumi ilikuwa tayari. Ndipo nikausikia ule mlio. Gari limezimwa, na mlio uko juu ya sikio langu."

Alishuka, akachukua dawa ya kubandua rangi kwa mikono yake mwenyewe. Walibandua mchana kutwa. Kiungo cha kushoto, safi. Cha kulia, safi. Wakatazama kwa lenzi. Hakuna ufa. Mzee akapaka kijivu, kijana akaondoka bila kuaga.

Miezi minane baadaye, kijana alikuwa akiosha gari nyumbani kwake. Kwenye kiungo cha kushoto, juu ya kile kijivu, akaona mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele. "Ufa ule haukuwepo," anasema. "Nilitazama kwa macho yangu haya. Yule mzee aliusikia kabla haujazaliwa."

Akakikata kile kiungo, akampelekea mzee, akakiweka mezani. Mzee akamuuliza, "Umenisamehe?" Akajibu, "Bado. Lakini nimekuja." Akaendelea kuja kila Ijumaa, miaka kumi na miwili. Juzi, mazishini, alipiga magoti kwenye udongo mbichi akasema, "Nimekusamehe, mzee." Alisema kwa sauti, kisha akalia, kwa sababu alijua amechelewa.

Kuhusu Alhamisi, binti anasema alimkuta baba yake ameegemea gari la mteja, chaki mkononi. Kizimba cha kijivu, kimepakwa mwezi uliopita. Kwenye kiungo cha kushoto amechora duara. Ndani ya duara hamna kitu. Binti ametazama kwa lenzi. Yule kijana naye amekuja, ametazama. Hamna kitu.

"Lakini gari silitoi," anasema binti. "Mwenyewe akitaka kukasirika, na akasirike."

Mwenyewe hajakasirika. Gari hilo ni langu, wasikilizaji wapendwa. Jana nilikwenda nikakaa ndani yake, nimelizima, nikatega sikio. Sikusikia chochote. Nikashuka, nikafunga mlango taratibu, nikamwachia yule binti ufunguo.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa yule kijana ambaye leo naye ni mfiwa, tunasema poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mtu amekwambia anasikia jambo ambalo wewe hulioni. Usimjibu haraka. Mkalie karibu, umuulize tena.

Jumamosi hii nilikuwa niende milimani kwa gari hilo na wanangu wawili. Tutakuwa nyumbani.