Nani Alimfunika Edisa

Kahawa ya Bushira, pale Bwera kwenye njia ya kushukia mpakani, haijawahi kunywewa kimya. Benchi lake ni ubao mmoja juu ya matofali, na wanaolikalia wamekwisha kupeana majina. Thembo, aliyestaafu ualimu, ni Profesa. Drani, mwanajeshi wa zamani aliyetoka Arua akaoa huku na hakurudi tena, ni Afande. Baker wa bodaboda ni Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. Jumatatu hiyo asubuhi palikuwa na jambo moja tu la kuzungumza. Jumamosi, kwenye mkutano wa kampeni Kinyamaseke, vijana walipanda jukwaani wakamvua Edisa Kabugho gomesi, vazi lake refu la mshipi kiunoni, mbele ya umati.

Hakuna asiyemjua Edisa. Alianza redioni Kasese, akisoma habari kwa Lhukonzo, kisha akaingia gazetini. Aliandika juu ya wachuuzi wa kike wa Katunguru wasiouziwa samaki mpaka walale na wenye mitumbwi. Aliandika juu ya wajane wanaofukuzwa mashambani kabla hata ya matanga kuanuliwa. Akatoa na kitabu, ambacho wanaume wengi walikiita sumu bila kukifungua. Akawa diwani. Sasa alikuwa anautafuta ubunge.

— Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga, Profesa akasema. Anatafuta kura za huruma. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Sasa uvungu inaingia wapi, mwalimu? Bushira akauliza, birika mkononi.

— Inaingia. Wewe mimina tu.

— Hapana, Afande akakata. Hiyo ni kazi ya wazungu. Mimi nilifanya intelijensi, najua. Gomesi ya mutu inashonwa na uzi ya nguvu. Ile ilipasuka mara moja, praa! Uzi ile ilitoka ng'ambo. Mimi nilisikia na masikio yangu.

— Na mshipi je? Profesa akadakia. Ule mshipi mwekundu, kijana alipouvuta, haukuwa hata na fundo! Mtu wa heshima hufunga fundo.

Wote wawili wakamgeukia Baker. Zamu yake ilikuwa imefika.

Saudah, dada yake Baker, alikuwa mmoja wa wajane wale. Edisa alimwandika gazetini, kisha akakaa naye mahakamani, kesi baada ya kesi, hadi shamba likarudi. Hadi leo watoto wa Saudah wanakula mihogo ya shamba hilo. Hayo yote Baker aliyajua alipofungua mdomo.

— Mimi nasema hata hakulia machozi ya ukweli. Huyo iko na dawa ya Kilembe, ya kwenye mashimo ya shaba. Mutu anavuliwa leo, kesho anaamka mubunge. Ngojeni muone! Kampeni ijayo watapanga foleni wavuliwe, hata wanaume!

Wakacheka. Afande alimpiga begani mpaka kahawa ikamwagika. Baker naye akacheka.

— Jambo, baba zangu.

Nyuma yao alisimama mwanamke mwenye furushi la vitenge kichwani. Alikuwa Kavira, mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka kila siku ya soko.

— Nyumba ya dada Edisa iko wapi? Tulisikia ku radio kule kwetu, tukalia. Namuletea kitenge.

— Karibu, mama, Profesa akasema, sauti yake imegeuka ya matangani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata sisi tulikuwa tunamwonea huruma hapa.

— Mulikuwa pale?

— Sana! Afande akasema. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Mwalimu alipanda juu ya kreti ya soda. Breki huyu alikuwa juu ya pikipiki yake. Tuliona yote.

Kavira akatua furushi lake chini.

— Nani alimufunika?

Profesa alimnyoshea Bushira kikombe aongezewe. Afande aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo.

— Si muliona yote? Mutu mumoja lazima alimufunika. Ni nani?

Bushira alilitua birika. Yeye pia alikuwa anangoja.

Baker alijua tu kwamba si yeye. Jumamosi ile alikuwa amevaa koti lake zito la safari. Mkono wake ulishika zipu ukaiteremsha hadi kifuani. Ndipo kijana mmoja akapaza sauti, "Breki, unamtaka?" Watu wakacheka. Akaipandisha zipu. Baada ya hapo aliitazama milima, kwa hiyo hakumwona aliyemfunika.

— Twende, mama, akamwambia Kavira. Mimi nitakupeleka.

Akampakia pikipikini pamoja na furushi lake. Edisa walimkuta barazani, mkono mmoja umefungwa bandeji, akiandika kwa ule mwingine. Alimkumbatia Kavira, akakipokea kitenge, akamwambia aingie ndani, chai iko tayari. Baker aligeuza pikipiki haraka.

— Baker. Saudah hajambo?

— Hajambo, dada. Anakusalimu sana.

Saudah hakuwa amemtuma salamu yoyote.

— Nilikuona Jumamosi, Edisa akasema.

Baker akazima injini. Alitamani atukanwe, apate pa kujitetea. Lakini Edisa alizungumza polepole, kama anayemwelezea mtu njia.

— Nilikuwa napiga kelele. Nilipokuona, nikanyamaza. Nikasema moyoni, yule ni ndugu yake Saudah. Nimepata mtu wa kunifunika.

Kisha akamfuata mgeni wake ndani.